Uzi: Kufunga chuma cha kuvutia trela kwenye gari la saluni, kwa mizigo midogo tu

Spana 13 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Swali la kufunga chuma cha kuvutia trela kwenye gari dogo linarudi kila mara, na majibu huwa mawili tu: "saluni haivuti" au "funga tu, injini yako ina nguvu". Yote mawili yanampoteza anayeuliza. Kazi yangu ni kufunga vyuma hivi, kwa hiyo nimeona tulifungue jambo lenyewe kuanzia chini ya gari. Wenye uzoefu mtaongeza nyama.

Chuma chenyewe hukaa chini ya buti, nyuma ya bampa, na mwisho wake kuna gololi. Trela nalo lina mkono, na kwenye ncha ya mkono kuna kikombe kinachoifunika gololi na kujifunga. Ule uzito ambao mkono unaikandamizia gololi nitauita uzito wa gololi. Huo ndio nataka muushike, kwa sababu ndio unaoumiza saluni kabla ya kitu kingine chochote.

Injini ya saluni ya kawaida hulisogeza trela la tani moja kwenye tambarare bila kulalamika, na hapo ndipo watu hudanganyika. Saluni haina chesisi ya ngazi (fremu nzito iliyojitenga na bodi) kama pikapu. Bodi na chesisi ni kitu kimoja: mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja. Chini ya buti kuna mihimili miwili yenye uwazi ndani, mmoja kila upande, na nguvu yote ya trela lazima ipite humo. Baada ya mihimili inakuja ekseli ya nyuma na springi zake, halafu breki, ambazo zilipimwa kusimamisha gari na abiria wake. Injini ni ya mwisho kwenye orodha hiyo.

Hatua ya kwanza ni kitabu cha gari. Tafuta namba tatu: uzito wa juu wa trela lisilo na breki zake, uzito wa juu wa trela lenye breki, na uzito wa gololi unaoruhusiwa. Ukikuta kimeandikwa gari halikuidhinishwa kuvuta, na kwa haibridi kadhaa (magari ya injini na mota ya umeme) ndivyo ilivyo, mjadala umeishia hapo hata kama kuna duka linauza chuma kinacholingana na gari lako.

Kuna jambo linalochanganya wengi. Saluni moja inaweza kuandikwa paundi 1,000 tu (kama kilo 450) kwenye kitabu cha Marekani, halafu gari lile lile Ulaya likapewa zaidi ya tani moja kwa trela lenye breki. Watu wakiona hivyo husema Wamarekani ni waoga. Hapana. Marekani hutaka uzito wa gololi uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, kwa sababu matrela huko hukimbizwa karibu sawa na magari mengine. Ulaya huridhika na asilimia 4 hadi 7 hivi, lakini mwendo wa gari lenye trela umebanwa. Kwa hiyo ukichukua kilo za Ulaya ukazipakia kwa asilimia ya Marekani, na ukaenda kwa mwendo wa Marekani, unakuwa umevunja masharti ya pande zote mbili.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua gari ambalo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 2.7, na gololi ipo mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukikandamiza gololi kwa kilo 70, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 70. Inaongezewa kama kilo 96, na ekseli ya mbele inapunguziwa kama kilo 26, maana gari linainuka mbele kama ubao wa bembea. Kama gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele, hizo kilo 26 zimetoka kwenye magurudumu yanayovuta, yanayopinda na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Taa za mbele nazo zinapanda na kuwapiga wenzio machoni usiku.

Halafu chuma chenyewe kina uzito, mara nyingi kilo 15 hadi 20. Hicho pamoja na uzito wa gololi vinahesabiwa kama mzigo wa gari. Saluni inayobeba kilo 420, ukitoa 20 za chuma na 70 za gololi, imebaki na 330. Watu wazima watano wa kilo 75 ni 375. Umeshazidisha hata kabla ya kufungua buti kuweka begi.

Upande wa kununua: vyuma vya mtindo wa Marekani hupangwa kwa madaraja. Cha saluni ni daraja la 1, chenye tundu la mraba la inchi 1¼, na kikomo chake ni trela la paundi 2,000 (kilo 907) na uzito wa gololi wa paundi 200 (kilo 91). Vya mtindo wa Ulaya huidhinishwa kwa Kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa, na utakuta kibati kimegongwa herufi D na S. S ni uzito wa gololi kwa kilo. D ni nguvu ya kuvutana kati ya gari na trela, kwa kilonyutoni, na hupatikana hivi: 9.81, mara uzito wa juu wa gari kwa tani, mara uzito wa trela kwa tani, gawanya kwa jumla ya hizo tani. Gari la tani 1.8 na trela la tani 1 vinatoa 6.3. Chuma chenye D ndogo kuliko hiyo kiache.

Na tafadhali: namba ya kwenye chuma haiipandishi namba ya gari. Kati ya gari, chuma, gololi na trela, mwenye namba ndogo ndiye anayetawala.

Mama Pacha

Asante kwa somo, kaka. Mimi nina saluni ya kawaida, nataka kuvuta trela dogo la kilo 400, mzigo wake ukiwamo. Kitabu kinaruhusu 450 bila breki. Fundi mmoja ameniambia chuma cha kununua ni gharama ya bure, atanichomelea bomba nene moja kwa moja kwenye lile boriti lililo nyuma ya bampa. Lingine amesema hata ile pete ya kuvutia gari likikwama inaweza kutumika. Nimkubalie?

Spana 13 (mleta uzi)

Dada, usikubali hata moja kati ya hayo.

Lile boriti limetengenezwa likunjike gari likigongwa nyuma. Kazi yake ni kupokea pigo la kusukuma, mara moja, na kuharibika. Wewe unataka kitu cha kuvutwa, kusukumwa na kukandamizwa kila unapopita kwenye shimo, kwa miaka. Halafu mabati mengi ya magari ya siku hizi ni ya chuma cha nguvu nyingi, kilichopata nguvu hiyo kwa kupozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea unalegeza sehemu inayozunguka mshono. Mshono wenyewe unaweza kuwa mzuri wa kutazama, na bati la pembeni yake likapasuka. Ule moto pia unaunguza zinki iliyopakwa kuzuia kutu, na ndani ya mhimili hakuna mkono wa mtu unaofika kupaka tena. Kutu itaanzia ndani na utaiona imeshatokeza nje.

Pete ya kukokotea ni ya kuvuta gari polepole, kwa mnyoofu, kwa dharura. Haijapimwa kubeba uzito wa kukandamiza kabisa. Pete haina namba ya S, na hilo linatosha.

Kilo 400 kwa gari linaloruhusu 450 inakubalika. Ila pima trela lako likiwa limepakiwa, usikadirie. Watu husahau uzito wa trela lenyewe, na trela dogo la chuma peke yake linaweza kula robo au theluthi ya ruhusa yako.

Kibiriti

Mkuu unatutisha. Mimi nilifunga chuma changu kwa bolti nne kwenye sakafu ya buti, na washa kubwa kila moja (kile kisahani cha chuma chenye tundu). Navuta mpaka leo na hakuna kilichotokea. Mihimili ni lazima kweli?

Spana 13 (mleta uzi)

Ni lazima, mkuu, na nitakwambia cha kwenda kuangalia leo hii. Bati la sakafu ya buti kwenye saluni nyingi halifiki unene wa milimita 1. Halikatiki siku moja. Linachoka. Kila tuta linalikunja kidogo chini na kulirudisha, na kuzunguka ukingo wa washa bati linaanza kupata nyufa nyembamba kama unywele. Inua zulia la buti, chukua tochi, imulikie kwa ubavu badala ya kutokea juu. Tazama kama rangi imepasuka kwa mduara kuzunguka washa, kama kuna mstari wa kahawia, kama washa imezama na kuacha kisahani. Ukiona chochote kati ya hivyo, acha kuvuta. Ukikuta pasafi, bado toa hizo bolti uhamie kwenye mihimili, maana washa ya duara haisambazi mzigo wa kutosha kwenye bati la namna hiyo.

Ngoja nieleze kazi inavyokwenda, itamsaidia na Mama Pacha kumsimamia fundi.

Gari likae sehemu tambarare, na waya hasi wa betri utolewe. Bampa hutoka kwa skrubu za kwenye matao ya magurudumu na klipu za chini. Magari mengine yanataka taa za nyuma zitoke kwanza. Bomba la nyuma la ekzosti lishushwe kutoka kwenye raba zake (maji ya sabuni yanazilainisha), na liegemezwe kwenye kitu, lisining'inie likavuta viungo vya mbele.

Kisha tafuta matundu ya kiwandani. Saluni nyingi zinatoka kiwandani na matundu kwenye mihimili kwa ajili ya chuma hiki hiki, yamezibwa kwa stika au vizibo vya plastiki, na mara nyingi kwa ndani kuna nati iliyochomelewa. Safisha nyuzi za hizo nati kwanza. Ile dawa nzito ya kuzuia kutu chini ya gari ikiwa imeingia kwenye nyuzi, bolti itakuwa ngumu na spana ya kupimia mkazo itakudanganya kwamba imekaza.

Pasipokuwa na nati, bolti inabidi itokee ndani ya mhimili, na hapa ndipo subira ya fundi inapoonekana. Kwenye pakiti ya chuma kizuri kuna waya uliosokotwa ncha yake kama springi. Unaingiza waya kwenye tundu la kufungia, unautafuta mpaka utokee kwenye tundu kubwa la pembeni ya mhimili. Unauvalisha bamba nene la kusambaza mzigo, halafu unaikaza ncha ya bolti ndani ya ule msokoto. Sasa unasukuma bamba na bolti ndani huku unavuta waya taratibu kutoka upande wa pili, mpaka usikie bamba limekaa na nyuzi za bolti zichungulie chini. Usiutoe waya bado. Upitishe kwenye tundu la chuma cha kuvutia, inua chuma kikae mahali pake, ndipo utoe waya na kuvisha nati. Ukiutoa mapema na ukaigusa bolti kwa bahati mbaya, inarudi ndani ya mhimili, na humo kuitoa ni kazi ya sumaku na jasho.

Bolti inayopita mhimili mzima kutoka upande hadi upande inahitaji bomba fupi ndani, kati ya kuta mbili. Bila hilo, ukikaza unaukunja mhimili kama kopo, na mkazo haukai.

Pale chuma kinapogusana na mhimili, kwangua ile dawa nzito ibaki rangi au bati, halafu paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu. Fundi wengi huruka hatua hii, na inaniuma, maana ndiyo chanzo kikubwa cha bolti kulegea. Dawa ile ni laini. Inakamuliwa kidogo kidogo kwa mtikisiko, inapungua unene, na mkazo wa bolti unapungua nayo.

Kama lazima utoboe tundu jipya, kwanza hakikisha upande wa pili hakuna bomba la mafuta, bomba la breki wala mkanda wa waya. Tundu likishatobolewa, kingo zake zipakwe dawa ya kutu kabla bolti haijaingia.

Bolti zote zianzishwe kwa mkono, chuma kiwe katikati, ndipo zikazwe. Bolti za daraja 8.8 kwa kawaida huchukua mkazo wa nyutonmita 45 hadi 50 kwa M10 (bolti ya milimita 10), na 80 hadi 85 kwa M12, lakini karatasi iliyokuja na chuma chako ndiyo bosi. Baada ya safari za mwanzo rudia kuzipima, na tena ukikaribia kilomita 1,000.

Umeme Mdogo

Mleta uzi ameshika chuma vizuri, naomba nishike waya. Kwenye saluni za sasa waya ndio unaoharibu pesa.

Zamani ulikuwa unagawa waya wa taa ya nyuma, unaupeleka kwenye trela, kazi imeisha. Siku hizi taa nyingi zinalishwa moja kwa moja na kompyuta ya bodi, na ile kompyuta inajua kila taa inakula umeme kiasi gani. Balbu ya indiketa ya wati 21 inakula ampea 1.75 hivi. Ukiongeza nyingine kama hiyo kwenye waya ule ule umeudabulisha mzigo. Kompyuta yenye ulinzi itaizima taa na kukuwashia onyo; isiyo na ulinzi wa kutosha itaungua njia yake, na hiyo huibadilishi kama fyuzi.

Kwa hiyo funga kisanduku cha rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) za trela. Kinachukua ishara tu kutoka kwenye taa za gari, umeme wa kuwasha taa za trela kinautoa kwenye betri kwa waya wake wenyewe, wenye fyuzi (kwa taa za kawaida ampea 15 zinatosha) iliyowekwa karibu na betri, siyo nyuma kwenye buti. Fyuzi ikikaa nyuma, waya mzima unaopita ndani ya gari hauna mlinzi.

Soketi ya miguu 7 ya mtindo wa Ulaya rangi zake ni hizi: njano indiketa ya kushoto, bluu taa ya ukungu, nyeupe hasi, kijani indiketa ya kulia, kahawia taa ndogo za kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo za kushoto. Plagi bapa ya nyaya 4 ya Marekani ni tofauti: nyeupe hasi, kahawia taa ndogo, njano kushoto, kijani kulia, na hizo mbili za mwisho zinabeba breki na indiketa kwa pamoja. Saluni yenye indiketa ya rangi ya chungwa inayojitegemea haiwezi kulisha plagi hiyo bila kisanduku cha kubadilisha, kinachozichanganya ishara mbili kuwa moja.

Hasi ndiyo ugonjwa wa kwanza wa matrela. Ukiwasha indiketa ukaona taa zote za trela zinapepesa kwa unyonge, zile za breki na ndogo zikicheza pamoja, usibadilishe balbu. Hasi haipo, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Waya mweupe ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa mpaka ling'ae, halafu upakwe grisi. Gololi isitegemewe kuwa hasi. Ina grisi, inacheza, na inakata umeme kila gari linapotikisika.

Vile viungio vya plastiki vinavyouma waya juu ya ganda lake visiwekwe chini ya gari. Vinatoboa ganda, maji yanaingia, shaba inageuka kijani. Lehemu, au banio la kubana vizuri, pamoja na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani.

Magari mengine mapya yanataka kuambiwa kwenye kompyuta kwamba sasa yana trela. Yakishajua, yanazima vihisi vya kuegeshea ukirudi nyuma, na yale yenye mfumo wa kudhibiti kuyumba kwa trela yanauamsha. Ukifunga waya bila hatua hiyo taa zitawaka, ila ulinzi huo utaukosa.

Dereva wa Usiku

Somo zuri sana wakuu. Langu ni barabarani. Trela langu nikipita mwendo fulani linaanza kupiga mkia, kushoto kulia, na gari linalifuata. Nikipunguza linatulia. Nimeambiwa niongeze mzigo nyuma ya trela ili litulie. Ni sahihi?

Spana 13 (mleta uzi)

Ni kinyume kabisa, ndugu, na ni hatari. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli ya trela, mkono unainuka na gololi inapungukiwa uzito. Hapo trela linapata uhuru wa kuyumba, na kila likiyumba linasukuma mkia wa gari lako upande wa pili. Mwendo ukiongezeka, mayumbo yanakuwa makubwa yenyewe.

Panga hivi: vitu vizito viwe karibu na ekseli, kidogo mbele yake, chini kabisa, na vifungwe visihame. Kwa kukadiria, kama asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli. Halafu pima. Chukua mzani wa bafuni, weka sehemu ngumu na tambarare, simamisha kipande cha mti juu yake chenye urefu wa kukifikisha kikombe kwenye kimo kile kile cha gololi. Gurudumu dogo la mbele linyanyuliwe lisiguse chini, magurudumu ya trela yawekewe mawe. Soma mzani. Kwa trela la kilo 400 unatafuta kilo 40 hadi 60 kama unafuata utaratibu wa Marekani, kwa sharti kwamba gari na chuma vinaruhusu. Ikiwa ndogo, sogeza mzigo mbele kidogo upime tena. Kazi ya dakika chache, na utashangaa jinsi sanduku moja linavyobadilisha namba.

Likianza kuyumba ukiwa njiani: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani mnyoofu, acha mwendo ushuke wenyewe. Usilifuatishe kwa usukani, usikanyage breki kwa nguvu, na usiongeze mwendo eti ulinyooshe.

Angalia pia upepo wa matairi ya nyuma ya gari na ya trela. Tairi laini linayumba ubavuni na kuanzisha tatizo hilo hilo. Na kimo cha gololi: mkono wa trela uwe sawa na ardhi, au uiname mbele kidogo tu. Ulaya hutaka kitovu cha gololi kiwe milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo wake kamili.

Kibiriti

Nimemulika kama ulivyosema mkuu. Kwenye washa mbili rangi imepasuka nusu duara. Nimeliegesha trela, nahamia kwenye mihimili. Swali: gololi niliyonayo ni ya inchi 1⅞, trela jipya limeandikwa inchi 2. Inaingia vizuri na kikombe kinafunga.

Spana 13 (mleta uzi)

Umefanya jambo la maana sana kuangalia, mkuu. Hilo bati, kabla ya kuendelea, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa lisiendelee kukimbia, halafu mtu wa bodi aliangalie.

Gololi hiyo usiitumie. Inchi 1⅞ ni milimita 47.6, inchi 2 ni 50.8. Kikombe cha inchi 2 kitaifunika na mpini utafunga kama kawaida, na kwenye tuta la kwanza kali kitaruka. Ya Ulaya ni milimita 50, hivyo hata hiyo ndani ya kikombe cha inchi 2 inacheza kidogo. Namba zimegongwa juu ya gololi na juu ya kikombe, zifanane.

Kila ukishafunga, zungusha mpini wa lile gurudumu dogo la mbele ya trela kama unataka kuinua trela. Mkia wa gari ukipanda pamoja na mkono, kikombe kimeshika. Kikombe kikichomoka peke yake, umeokoa mtu. Minyororo ya usalama uipishanishe chini ya mkono, ili kikombe kikiruka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Mama Pacha

Kaka, gari langu ni la gia zisizo na hatua, zile za mkanda. Kuna cha ziada?

Spana 13 (mleta uzi)

Joto, dada. Giaboksi ya mkanda inategemea mafuta yake kushika na kupoza, na mlimani ikiwa na trela mafuta yale yanapikika. Soma kitabu chako kama kinataka yabadilishwe mapema kwa gari linalovuta, vingi vinataka. Mlima mrefu panda kwa mwendo wa wastani bila kukandamiza pedeli ya mafuta hadi mwisho. Kushuka, weka nafasi ya gia ya chini mapema ili injini ishike, maana trela lako halina breki na kilo zote 400 zinasimamishwa na breki za saluni peke yake. Nafasi kati yako na gari la mbele iongeze sana.

Nyayo Mbili

Mimi sina trela, nataka chuma kwa ajili ya kubebea baiskeli tu. Hizi hesabu zinanihusu?

Spana 13 (mleta uzi)

Hesabu ya D ya trela huihitaji, ingawa baadhi ya vibebeo hutaja D ya chini ya chuma; ya S inakuhusu kuliko wote. Kibebeo cha baiskeli ni uzito wa gololi mtupu. Kibebeo cha kilo 17 na baiskeli mbili za umeme za kilo 25 kila moja ni kilo 67. Saluni nyingi zinaishia 50 au 75, kwa hiyo kwa gari la 50 hapo umeshapita. Tena uzito wa baiskeli unakaa nyuma zaidi ya gololi, kwa hiyo unaipinda pia. Soma kikomo cha kibebeo chenyewe, baadhi kinataka gololi iliyoungana na shingo yake kuwa kipande kimoja.

Dereva wa Usiku

Nimepima kwa mzani wa bafuni: kilo 11 kwa trela la 380! Nimesogeza betri na sanduku la spana mbele ya ekseli, imefika 42. Kesho nalijaribu kwa mwendo mdogo. La mwisho: gololi ipakwe grisi au iachwe kavu?

Spana 13 (mleta uzi)

11 kwa 380 ndiyo sababu ya mkia wako, ndugu.

Grisi inategemea kikombe. Kikombe cha kawaida, chuma kwa chuma, kinataka grisi kidogo, na uifute kila inaposhika mchanga, maana mchanga na grisi vinasaga gololi. Kikombe chenye vibanio vya msuguano, vile vya kupunguza kuyumba, hakitaki grisi kabisa. Hapo safisha gololi mpaka chuma king'ae, toa hata rangi iliyokuja nayo dukani. Vibanio vikishanyonya mafuta havishiki tena, inabidi kununua vingine.